Uso wa Kuazima

4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Nakusalimu sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula vizuri, na umeacha ile tabia ya kunywa chai umesimama kama mtu anayefukuzwa. Sisi huku hatujambo. Baba yako mkubwa miguu inamsumbua, lakini mdomo wake mzima, na mtaa wote bado unapanga foleni sebuleni kwangu kila Jumamosi kufuata muhuri wake. Mwenyekiti wa mtaa ni yeye, anayefuta matope ya viatu vyao ni mimi. Kaka yako mkubwa amepata mtoto mwingine wa kiume na amempa jina la baba yake. Yule mdogo bado anatafuta mke kwenye simu. Sijui atamletea mama yake kitu gani.

Utashangaa kwa nini naandika barua kama watu wa zamani. Simu ya nyumba hii inakaa mfukoni mwa baba yako mkubwa. Nikiongea nayo anakaa pembeni ananisahihisha. Barua nampa dereva wa basi la vifurushi, inakufikia, na hakuna wa kunisahihisha.

Sasa neno lililonileta. Jicho langu la kushoto limeingia ukungu. Nilikuwa najikaza, nasema ni uchovu wa cherehani, mpaka nikashona sare ya shule nikapachika kola ndani nje. Mama mwenye mtoto alicheka, nikacheka naye, alipoondoka nikalia. Nimekwenda zahanati. Daktari, binti mmoja mpole, amesema ni mtoto wa jicho, na presha ya jicho nayo inapanda. Nisipofanyiwa upasuaji kabla ya mwaka kwisha, jicho ndiyo basi tena. Aliniuliza kama niliwahi kugongwa hapo. Nikamjibu labda utotoni, sikumbuki.

Hospitali kubwa siku hizi haipokei mgonjwa kwa karatasi ya zahanati. Lazima uombe nafasi kwenye mtandao wa serikali, na huo mtandao hautaki hata kukusalimia mpaka uthibitishe kwamba wewe ndiwe wewe. Umri wote huu, mwanangu, naulizwa mimi ni nani! Wewe unashinda na kompyuta. Nisaidie. Ila usimpigie baba yako mkubwa.

Ni mimi mama yako mkubwa.


19 Februari

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika imekunjwa kama hirizi, nikaifurahia kabla hata sijaisoma. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, juu ya kiwanda cha mikate, kwa hiyo naamka na harufu nzuri na njaa. Kazi ni ileile, kampuni ya maji, napokea simu. Mtu anapiga analia bomba limepasuka, nyumba inaelea, na mimi kabla sijamsikiliza natakiwa nimuulize namba ya mita, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama mzazi. Natukanwa kila siku kwa lugha mpya.

Mwezi ujao ni kumbukumbu ya kifo cha Mama. Nilitaka kuweka picha yake ukutani hapa, nikakuta ile ya harusi imeingia maji, na iliyobaki ni ile ya hospitali, ambayo si yeye kabisa. Kama unayo yoyote ya enzi zake, naomba uniwekee.

Kuhusu jicho, nimeogopa, lakini hili la mtandao lisikunyime usingizi. Nimeshakufungulia akaunti kwa jina lako, neno la siri ninalo mimi. Wenye pasipoti wanapita mlango wa haraka: wanapiga picha ule ukurasa wenye jina, wamemaliza. Wewe hujawahi kuvuka mpaka wowote isipokuwa ule wa shamba la jirani, kwa hiyo utatumia kitambulisho. Nenda kwa Bwana Kopi, yule wa duka la kudurufu karatasi pale sokoni, ana kamera. Ataweka kadi mbele yake, halafu wewe utaweka uso ndani ya duara, utapepesa macho, utageuza shingo huku na huku. Mashine inalinganisha uso wako na picha waliyokupiga siku ya kuandikishwa. Ni jambo la dakika chache. Hata bibi anayekaa chini yangu kafanya, na yeye simu anaishika juu chini.

Chiriku wako.


21 Machi

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Huku mvua zimeanza na paa la jikoni limeanza visa vyake. Baba yako mkubwa amepatanisha mke na mume wa nyumba ya kona, wameondoka wameshikana mikono, mtaa mzima unamsifu.

Nilikwenda kwa Bwana Kopi. Nilivaa kitenge changu kizuri, mjinga mimi, kama naenda kupigwa picha ya harusi. Aliweka kadi, nikaweka uso, nikapepesa, nikageuka. Mashine ikaandika kwa rangi nyekundu: Sura hailingani. Akafuta kamera kwa shati lake, tukarudia. Hailingani. Akanisogeza dirishani kwenye mwanga. Akaniambia nivue kilemba, mbele ya foleni nzima, nikavua. Hailingani. Bwana mmoja nyuma yangu akasema, "Bibi, hiyo kadi umemwibia nani?" Watu wakaangua kicheko. Bwana Kopi akataka kuichukua kadi aitazame vizuri, nikaifunika kwa kiganja nikaitia kifuani. Nilitembea mpaka nyumbani kilemba kikiwa mkononi na wala sikujua.

Uzee umenibadilisha, mashine hainijui, ndiyo hivyo. Tuliache. Jicho moja linatosha kushonea. Wangapi hawana hata hilo moja?

Picha ya mama yako nitatafuta.

Ni mimi mama yako mkubwa.


5 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini paa limezibwa. Mimi nimeugua mafua nikapona.

Hatuliachi. Unaongea habari ya jicho kama vile ni kifungo kimedondoka, utashona kingine. Uzee hauifanyi mashine ikatae, inajua watu wanazeeka. Tatizo litakuwa kwenye picha ya kadi, pengine imefifia au imechubuka. Nitumie kopi ya kadi, mbele na nyuma. Nikiiona nitajua pa kuanzia. Nimeshawauliza ofisi ya vitambulisho kwa barua pepe, wakaniambia ndiyo njia.

Na tafadhali, usione haya. Sote tumetoka vibaya kwenye picha za vitambulisho. Mimi yangu nafanana na mtu aliyekamatwa na kuku wa wizi.

Naisubiri kopi hiyo. Mwaka unakwenda, Mama Mkubwa.

Chiriku.


3 Mei

Mwanangu,

Salamu. Tumejaa kazi, shule zinafungua na kila mzazi amekumbuka sare dakika ya mwisho. Napokea za mashati tu, suruali zina mishono mingi. Uzi sasa natungiwa sindano na yeyote anayepita.

Kadi nimeiweka mahali, na hapo mahali sipaoni.

Usimsumbue Bwana Kopi.

Ni mimi mama yako mkubwa.


28 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Nilimsumbua Bwana Kopi. Nilimpigia kwa ile sauti yangu ya kazini, nikamwambia mimi ni mwanao na ndiye ninayeshughulikia akaunti. Mashine yake ilikuwa bado na kopi ya siku ile. Alinitumia.

Niliifungua kazini, kati ya simu moja na nyingine. Jina lako. Tarehe yako ya kuzaliwa. Namba yako. Na katikati yuko Mama. Sikuwa na shaka hata kidogo. Sikio lake la kulia lililochanwa na hereni linaonekana. Mteja alikuwa kwenye laini ananiita, haloo, haloo, mimi namtazama mama yangu akiwa kijana, amekunja uso kwenye kadi ya mtu mwingine.

Nimetafuta sababu nzuri, nimekosa. Mlifanya nini nyinyi wawili? Mama alikuwa anatumia jina lako? Alikuwa anamkimbia nani, au alikuwa anachukua kitu kisicho chake? Kila siku nawaambia watu mama yangu alikuwa mtu aliyenyooka, na mimi nilimwamini kuliko mtu yeyote. Sasa naikumbuka hiyo sifa na kuona haya. Na wewe umeniacha niandikie ofisi, nijitie ujuaji, huku unajua tangu mwanzo kwamba uso ule si wako! Ulikuwa unanicheka?

Naomba jibu la kweli.

Binti wa mdogo wako.


22 Julai

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hukunijibu. Dereva wa basi ameapa kwamba barua alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisoma umesimama palepale barabarani. Nimeshinda na picha hiyo machoni. Nilipoandika maneno yale nilikuwa na hasira, na hasira imeisha, maneno yamebaki. Nisamehe.

Kuna jambo jingine nimelifanya, na hili ni baya zaidi kwa sababu nililifanya kwa makusudi, na nikajiona mjanja.

Niliogopa mwaka utakwisha na jicho litakwenda. Jumapili moja nilikaa dirishani nikafungua akaunti yako. Nikabana nywele nyuma kama Mama alivyobana kwenye kadi. Nikaweka uso wangu mimi ndani ya duara, nikapepesa, nikageuza shingo. Mashine ikaandika kwa kijani: Asante, umethibitishwa. Unajua watu wanavyosema nimemchukua Mama kila kitu. Nafikiri umri wangu sasa ndio umri wake siku ile. Nilicheka, nikalia, nikaomba nafasi ya upasuaji kwa jina lako, nikaenda kununua mkate wa moto.

Wiki iliyofuata ofisi ikapiga simu ya video kumhakiki mgonjwa. Sikuitegemea. Nikapokea bila kufikiri, na yule bwana akaona msichana anayedai ana umri wa bibi yake. Akaniuliza, "Dada, wewe ndiye mwenye akaunti?" Mimi ninayewauliza watu swali hilo kutwa nzima nilikata simu kama mwizi.

Akaunti imefungwa kwa shaka ya udanganyifu. Nafasi imefutwa. Wamesema haifunguliwi kwa mtandao tena. Mwenyewe afike ofisi ya vitambulisho apigwe picha mpya, akiwa na maelezo ya maandishi kwa nini picha ya zamani si yake, na maelezo hayo yathibitishwe kwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa wake. Hapo tu ndipo nilipopumua kidogo, kwamba angalau muhuri uko nyumbani, hutahangaika kumtafuta mtu.

Nimekuharibia, Mama Mkubwa. Sijui niweke wapi uso wangu.

Chiriku.


6 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Salamu zako nimezipokea, na samahani yako pia, ingawa mdaiwa wa samahani si wewe. Mvua zimekwisha. Mjukuu mpya ametoa jino.

Umefurahi kwamba muhuri uko nyumbani. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Nilikuwa nimeapa kwamba habari hii nitazikwa nayo. Lakini umemwita mama yako mwongo, na siwezi kula nikashiba nikijua binti yake anamfikiria hivyo. Kwa hiyo soma, halafu uichome barua hii.

Wiki ile waandikishaji walipokuja na kamera zao pale shuleni, jicho langu la kushoto lilikuwa limefumba, limevimba, jeusi. Baba yako mkubwa alinipiga. Sababu siikumbuki. Naona haya hata kwa hilo, kwamba nilipigwa hivyo na sikumbuki kwa nini. Haikuwa mara ya kwanza. Kambi yao ya kuandikisha ilikuwa inafungwa siku ileile na bila kadi huwezi kufanya lolote. Yeye ndiyo alikuwa anagombea uenyekiti mara ya kwanza, na mtaa wote ulikuwa kwenye foleni. Alizunguka sebuleni, halafu akasema, "Mwite mdogo wako. Mnafanana. Akakae yeye."

Mama yako alikuja. Alinitazama, akachukua kilemba changu akajifunga. Hakufanya kwa ajili yake hata punje. Alikwenda akakaa kwenye kile kiti kwa jina langu, na mwandikishaji alipomwambia atabasamu kidogo alikataa. Ndiyo maana umemwona amekunja uso. Aliporudi alimwita baba yako mkubwa nje, wakasimama mlangoni. Sijui alimwambia nini, wote wawili hawakuniambia. Tangu siku ile hajaninyooshea mkono.

Wewe ulikuwepo. Alikuja nawe, ukabaki na mimi unachezea vifungo chini ya cherehani. Ukaniuliza jicho limefanyaje. Nikakwambia nimegongwa na mlango. Ukaenda ukaupiga ule mlango teke, ukarudi unachechemea, ukasema umeshaniadhibia.

Sasa niambie nitaandika nini kwenye hayo maelezo, na nitampelekea nani agonge muhuri. Mtu yuleyule? Wanawe wanamwona malaika. Kila Jumamosi wanakuja mke na mume waliogombana, anawaambia wastahimiliane, na mimi nawaletea chai na sinia. Na jambo nisilolielewa ni hili: mwenye kuona haya ni mimi. Yeye hulala vizuri. Ningeficha lile jicho mpaka lipofuke kabla sijasema kilichonipata.

Mama yako aliponirudishia kilemba alinitania, machozi yanamtoka, akasema, "Uso wangu nimekuazima tu, dada. Siku moja nitaudai." Hakuudai. Alitangulia.

Bora jicho liende.

Ni mimi mama yako mkubwa.


20 Agosti

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo, na tena shikamoo.

Nakumbuka ule mlango. Wa kijani, una kitasa cha mbao. Kidole gumba kilivimba na Mama alinipaka mafuta njia nzima, na njia nzima alikuwa analia, nikadhani analilia kidole changu.

Nimeona haya kwa kila neno nililokuandikia Mei. Barua yako sijaichoma, nisamehe na kwa hilo. Nitaichoma ukiniambia tena.

Sitakwambia uandike nini, kwa sababu nimeshafanya ya kutosha kwa kichwa changu. Ukitaka nije nisimame nawe mbele yake, nitakuja na basi la kwanza. Ukiniambia nisije, sitakuja. Neno moja tu nitakuomba: usiniambie bora jicho liende. Mama hakukaa kwenye kile kiti ili wewe upofuke.

Kazini siku hizi nawaacha wateja walie kwanza, ndipo nawauliza namba ya mita. Msimamizi ananilalamikia kwamba simu zangu ndefu.

Chiriku wako.


14 Oktoba

Mwanangu Chiriku,

Nakusalimu, na naomba unisamehe kwa kukuweka roho juu muda wote huu. Sisi wazima. Paa la jikoni limezibwa, kaka yako mdogo ameleta mchumba, mfupi, mcheshi, na ana macho makali mpaka nikamtungisha sindano kabla sijamkaribisha kiti.

Sikutaka uje. Ungekuja ungempiga mtu teke.

Niliandika maelezo yangu mwenyewe, mistari michache, nikayarudia mpaka yakasomeka. Jumamosi moja nilingoja foleni yake ikaisha. Nikaingia sebuleni nikakaa kwenye kile kiti wanachokaa wenye shida. Akadhani natania. "Na wewe mama una shida gani?" Nikampa karatasi. Akavaa miwani, akasoma, akarudi juu akasoma tena.

"Andika ulikuwa unaumwa," akasema.

"Sikuwa naumwa."

"Basi andika ulianguka."

"Hilo la kuanguka nimelisema vya kutosha."

Akavua miwani. "Watu watanionaje?"

"Mimi nikilikosa hili jicho, hata wewe sitakuona," nikamwambia.

Aliifungia karatasi kabatini, pamoja na muhuri wake. Ufunguo akatia mfukoni. Nilihamisha godoro langu kwenye chumba cha cherehani. Jumamosi iliyofuata walikuja mke na mume, wamenuniana. Akaniita, "Mama, chai!" Nikazidi kukanyaga cherehani. Akaita tena, kwa sauti ya chini zaidi. Nikasikia yule mke anasema si kitu, hawana kiu. Nadhani siku hiyo alishindwa kuwapatanisha, maana waliondoka upesi.

Kesho yake asubuhi niliikuta karatasi juu ya cherehani, mkasi umewekwa juu yake isipeperuke. Muhuri umegongwa upande upande, na saini iko chini yake. Hakubadilisha neno. Hajaniomba msamaha, mwanangu, usije ukamsimulia mtu ukatia chumvi. Jumatatu nilipotoka nimevaa kwenda ofisini nilimkuta mlangoni na koti lake na kofia. Akasema, "Ngazi za ile ofisi ni mbovu, na upande wa kushoto huoni." Ni kweli ni mbovu.

Ofisini tulikuta dada mmoja ana sauti ya kutangaza. Hakuwa na ubaya, ndiyo sauti aliyopewa. Akachukua karatasi yangu akaisoma watu wote wasikie: kwamba siku ya picha jicho langu lilikuwa limevimba kwa kupigwa na mume wangu, na kwamba kwa agizo lake mdogo wangu alikaa mahali pangu. Foleni nzima ikageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Yule dada naye akashusha sauti, amechelewa. Akauliza, "Na huyu mwenyekiti aliyethibitisha, mnajuana vipi?"

Kabla sijafungua mdomo nikasikia benchi linalia nyuma yangu. Amesimama, kofia mkononi. Akasema, "Ni mimi. Ndiye huyo mume."

Watu wakamgeukia. Nilimtazama kwa jicho langu zima, mzee mrefu, hajui mikono aiweke wapi. Aibu ilikuwepo mle chumbani, Chiriku, lakini kwa mara ya kwanza haikuja kukaa kwangu. Sikumwonea huruma na sikufurahi. Nilihisi mgongo mwepesi tu, kama mtu aliyetua mtungi.

Waliniuliza na habari yako, yule msichana wa kwenye simu. Nikasema ni mwanangu, alipita njia ya mkato kwa kulihofia jicho langu, na njia ndefu nimeipita mwenyewe. Dada akaandika onyo, akafunga faili. Usirudie.

Kisha nikakaa kwenye kiti cha picha. Dada akaniambia nifungue macho yote mawili nitazame mbele. Nikayafungua yote mawili, lenye ukungu na lisilo na ukungu. Akaniuliza kama nataka kuiona kabla hajaihifadhi. Nikaiona. Bibi amechoka, jicho moja kama glasi iliyopulizwa, kilemba kimekaa vibaya. Nikamwambia, "Ndiye huyo. Hifadhi." Mashine ikaandika kijani papo hapo. Upasuaji ni wiki ya pili ya Novemba, na ukija wakati huo nitafurahi. Godoro bado liko chumba cha cherehani, tutalala wawili.

Kadi ya zamani alitaka kuikatakata. Ndivyo sheria inavyosema. Nikamwomba. Nilimwambia huyo hapo si mimi, ni mdogo wangu, amekwishafariki, na ana binti ambaye hana picha yake ya maana hata moja. Akaitazama, akachukua mkasi, akakata pembe ile yenye namba na ukanda wenye jina langu. Uso hakuugusa.

Nimekuwekea humu ndani ya barua. Utaona hatabasamu, na sasa unajua kwa nini. Aliniazima, akafa hajaudai, na mimi nimeutumia miaka mingi kuliko nilivyostahili. Upokee wewe.

Ni mimi mama yako mkubwa.